Sekunde Tisa za Fundi Sikiliza

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha kazi zenu Jumamosi hii mje kumsindikiza: wasifu huu umeandikwa na binti mkubwa wa marehemu, na ndiye anayeusoma, kwa idhini ya mama yake. Mtakaofungua ratiba zenu ukurasa wa pili mtaona mstari wa wino mwekundu umepita juu ya jina la mtu. Si kosa la mpiga chapa. Kamati ya mazishi, kwa nia njema, ilikuwa imempa nafasi mwimbaji maarufu wa nyimbo za dini aje aimbe hapa kaburini, kwa kuwa mji mzima unajua jinsi marehemu alivyomsifia mwimbaji huyo kwa miaka ishirini na miwili. Binti, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alikaa juzi mchana kutwa na kalamu yake ya kusahihishia, akalifuta jina hilo kwenye ratiba mia mbili na arobaini, moja baada ya nyingine. Sababu ya kulifuta imo ndani ya maisha ya marehemu, kwa hiyo itabidi mvumilie tuanzie mwanzo.

Marehemu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina jingine ila Fundi Sikiliza, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mtambo wa kusukuma maji. Baba yake alikuwa mlinzi wa pampu. Wazee walisema mtoto huyu hakulia pampu ikinguruma, alilia ikizimika. Desturi ya wasifu ni kusema marehemu alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu wote. Marehemu huyu alikuwa mtu wa kinyaa, na angekinai kusikia uongo ukisomwa juu yake hali hawezi kujibu. Dada yake, ambaye yupo nasi hapa mbele, anasimulia kwamba akiwa na miaka minne alisusa uji kwa sababu nzi alitua kwenye kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa cha jirani.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1957 hadi 1963. Masomo aliyamudu, lakini kwaya ya shule ilimtimua muhula wa pili tu. Mwalimu wa kwaya alikuwa anapiga kinanda, mtoto akanyoosha mkono. "Mwalimu, kidude cha tatu kutoka kushoto kimeoza." Mwalimu akamwambia kinanda hakiozi, kinachooza ni adabu. Wiki mbili baadaye kinanda kilifunguliwa, akakutwa panya ndani, wa siku nyingi. Marehemu hakurudishwa kwenye kwaya, wala hakuomba. Mwaka 1966 alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu Novemba 1968 na cheti cha redio na vinasa sauti.

Kwa miaka mitatu alifanya kazi chini ya fundi mwingine, na tarehe 1 Julai 1972 akafungua kibanda chake mwenyewe, kile mnachokijua, ubavuni mwa dobi: mlango wa bati, meza moja, taa ya kuinamia, na kigoda cha mteja. Hicho kigoda ndicho kilichompa jina. Mteja akija kuchukua redio yake, hakukabidhiwa. Aliambiwa, "Kaa. Sikiliza kwanza." Ilimbidi asikilize wimbo mmoja mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, maana marehemu aliamini ubovu wa redio haujifichi kwenye kelele, hujificha pale sauti inapokuwa ndogo. Waliokuwa na haraka walipiga kelele wakachoka. Hata askari aliyekuja na gari la serikali linaunguruma nje alikaa kwenye kigoda akasikiliza.

Kazi hiyo ilikipa kinyaa chake chakula cha kila siku. Redio ina joto, na penye joto hukaa vinavyotambaa. Alitoa humo mende, mayai ya mjusi, maganda ya karanga, jino la mtoto, na mara moja kipande cha mkate chenye manyoya. "Redio ni tumbo la nyumba," alikuwa akisema. "Mtu atafagia sebule, lakini mimi nimeona alichomeza." Kuna mama mmoja, leo simtaji ingawa yuko mstari wa nne, aliyekataa katakata. "Fundi, sisi kwetu hakuna mende." Marehemu akampa kopo alilowakusanyia. "Basi hawa, mama, wamekuja kwa miguu yao kutafuta habari."

Mke wake alimpata kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1974 mshonaji wa mtaa wa pili alileta redio iliyokufa spika. Marehemu akaifungua akiwa amekwisha kujifunga kitambaa puani, akakuta ndani safi, hata vumbi hakuna. Mshonaji alikuwa ameishonea gauni, lenye vifungo, na kila Jumamosi alilivua akalifua. Marehemu alifunga kibanda saa sita mchana akaenda kwa kaka yake. "Nimepata mke." Kaka akauliza ni nani, akajibu, "Sijamuuliza jina, nimeona redio yake." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu. Mama yetu anasema katika miaka arobaini na mitatu ya ndoa alisifiwa mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa redio.

Sasa tufike kwenye wimbo. Aprili 1987 mteja mmoja aliacha redio kaseti, hakurudi tena. Ndani mlikuwa na kanda iliyoliwa na mashine, imejisokota kama utumbo. Marehemu aliinyoosha kwa kidole, akakata sehemu iliyoharibika kabisa, yenye urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akaunga ncha mbili kwa selotepu. Kisha akaicheza kujaribu tu kama kiungo kitashika. Alikuwa mwimbaji kijana na gitaa lake moja, hakuna kingine, na wimbo ulikuwa wa tatu upande wa kwanza.

Marehemu alizichukia nyimbo za dini za wakati wake, na za wakati wetu alizichukia zaidi. Alisema waimbaji wanamwita Mungu kama makondakta wanaogombea abiria. Alisema vinanda vyao vya umeme vinalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Lakini kwenye kanda ile alisikia kitu kilichomfanya azime taa na kukaa kwenye kigoda cha wateja, yeye mwenyewe. Kijana alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila mstari, na pumzi inasikika. "Anayevuta pumzi kabla ya kumwita Mungu amefikiri kwanza," alimwambia mama. "Wengine wote hawa wanabwata."

Aliamua kanda ile inakiliwe kabla haijakatika tena. Hakuwa na waya wa kuunganisha mashine mbili siku hiyo, akaweka kinasa sauti mbele ya spika, akanyamaza. Wimbo ulipofika ubeti wa pili, mahali pa kiungo, aliinama kusikiliza kama selotepu itapita salama. Chuma cha kulehemu kilikuwa bado cha moto mezani, moshi wa risasi ya kulehemea ukampanda puani, akakohoa. Kikohozi kikaingia kwenye kanda. Alikusudia kurudia kesho yake, lakini kanda mama ikakatika vipande vitatu usiku ule ule kwa kuoza, na ikawa imebaki nakala yenye kikohozi tu.

Hiyo ndiyo aliyoichezea kila mteja wa kigoda kwa miaka ishirini na miwili. Aliyependa alinakiliwa bure. Aliyefiwa alipewa hata kama hakuomba. "Chukua. Wimbo wa tatu, upande wa kwanza. Usifanye kazi nyingine, sikiliza." Alimpendekeza mwimbaji yule kwa wagonjwa, kwa walevi, kwa mabibi harusi, kwa mkaguzi wa kodi. Watu walimwamini, maana mtu wa kinyaa akikwambia kitu hiki ni safi, unakula bila kukitazama mara mbili. Kwa hiyo mji wetu wote uliujifunza wimbo huo kutoka kibanda kimoja, na pale kwenye ubeti wa pili, baada ya maneno "nimebisha mlango wako kwa mkono mtupu," sote tunaruka, tunakohoa, tunaendelea na "ndipo nikaijua njia." Mwalimu wa kwaya ya kanisa la juu alipowafundisha waimbaji wake alikigawa kikohozi hicho kwa sauti nne. Hakuna aliyecheka. Tulidhani wimbo ndivyo ulivyo.

Marehemu peke yake alijua kuna sekunde tisa zimepotea, na kwamba alizikata yeye. Zilimkaa rohoni. Nyuma ya daftari la wateja aliandika mistari ya kuziba pengo lile, kwa makadirio yake, thelathini na minne kwa jumla. Yote ipo, mizito, yenye milima na mawimbi. Mama alikuwa akimtania, "Baba Watoto, mwachie mwenyewe wimbo wake." Alijibu kwamba siku akikutana na mwimbaji atamwomba radhi kwa kunakili bila ruhusa, kisha atamuuliza jambo moja tu: pale alisema nini.

Siku ikaja. Jumapili tarehe 14 Juni 2009, saa nane mchana, mwimbaji, akiwa sasa na jina kubwa na mabango, aliletwa kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Marehemu alivaa suti ya harusi yake, mama akiwa ameipanua kiunoni kwa mara ya tatu. Aliketi safu ya tatu, mke kulia, binti kushoto. Walivumilia saa nzima ya makelele. Mwimbaji alikimbia huku na huku, akawataka watu wainue simu zao, akajifuta jasho ambalo halikuwepo, akavibusu vipaza sauti vilivyopita midomoni mwa watu wengine sita. Marehemu alikuwa ameuma meno. Kisha mwimbaji akatangaza anarudi nyuma, kwenye wimbo wa ujana wake. Gitaa moja likasikika. Ikasikika pumzi. Marehemu akafumba macho, na binti aliona mkono wake umetafuta mkono wa mama.

Alipofumbua, aliona jambo ambalo mtu mwingine ukumbini hakuliona. Pumzi ilitoka kwenye spika, lakini kifua cha mwimbaji hakikupanda. Midomo ilicheza, mishipa ya shingo ililegea. Ubeti wa pili ukafika. "Nimebisha mlango wako kwa mkono mtupu," zikasema spika, na wimbo ukaruka, na katika spika zile zote, kubwa kama makabati, kikatoka kikohozi cha baba yetu. Ukumbi mzima ukakohoa kuitikia, kama ilivyo desturi. Na mwimbaji, jukwaani, akaweka ngumi mdomoni, akatikisa mabega, akaigiza kikohozi hicho kwa ustadi mkubwa kabisa.

Marehemu alitoka nje akatema mate. Alitema mara tatu. Mama alipomfuata alimkuta ameegemea ukuta wa karakana. "Mwenye sauti ameiba sauti yake mwenyewe," alisema, "na kifua changu amekichukua." Mama akamwambia twende nyumbani. Akakataa. Alikuwa na swali lake la miaka ishirini na miwili, na hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

Walimkuta mwimbaji kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa, anakula kuku. Tunalisema hili kwa sababu marehemu alilisema mpaka mwisho wa maisha yake: mafuta yalikuwa yanamtiririka kidevuni, na alizungumza huku anatafuna, kwa midomo ile ile.

"Karibu, mzee wangu. Picha?"

"Sikuja kwa picha. Nimekuja kuomba radhi, na kuuliza. Kanda yako ya kwanza niliinakili bila ruhusa nikaigawa mji mzima. Na ilikatika mikononi mwangu. Kikohozi kile ni changu."

Mwimbaji alicheka, na kipande cha kuku kikaruka kikatua kwenye mkono wa suti ya harusi. "Kumbe ndiye wewe! Usijali kabisa. Ile ya kwanza mimi mwenyewe nilishaipoteza, vijana wangu wakaipata hii mtandaoni. Watu wanakipenda kikohozi, mzee."

"Basi niambie. Ubeti wa pili, baada ya mkono mtupu. Ulisema nini pale?"

Mwimbaji alitafuna, akatazama dari. Binti anakiri kwamba mwimbaji alijaribu kukumbuka. Kisha akameza. "Nyimbo ni nyingi, mzee wangu. Sikumbuki."

"Uliutunga wewe?"

"Niliutunga mimi. Wakati ule nilikuwa na shida sana." Akanyoosha mkono wenye mafuta.

Marehemu aliupokea, maana alilelewa. Lakini hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alifungua kibanda Jumapili ile, akaunawa mkono kwa spiriti ya kusafishia vichwa vya kaseti, mara mbili, akakaa. Alimwambia mama anajisikia kama mtu aliyekula pera, akatazama mkononi, akaona nusu ya funza. Suti hakuivaa tena. Ndiyo aliyovalishwa leo, kwa amri yake, na mkono wa kushoto mama ameufua mara nne.

Kilichofuata baadhi yenu mnakikumbuka, ingawa labda hamkujua chanzo. Kwa wiki tatu marehemu alipita nyumba kwa nyumba kuyarudisha maneno yake. Alisema aliyependekeza kitu kibovu ni sawa na fundi aliyerudisha redio ina mende ndani, na kazi mbovu hurudiwa. Alibisha hodi, akakataa kuketi, akasema, "Nilikwambia umsikilize mtu yule. Nilikosea. Usimsikilize tena." Mwalimu wa kwaya alimuuliza kwa unyonge, "Sasa fundi, na kikohozi tukiondoe?" Marehemu akaenda kubisha hodi nyumba iliyofuata.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjane wa mwokaji mikate. Alimsikiliza hadi mwisho, mikono yake ina unga, kisha akasema, "Fundi, wimbo ule ndio niliomzikia mume wangu. Unataka nikamfukue nimwambie ulikosea?" Marehemu alirudi nyumbani. Hakupita nyumba nyingine. Aliitia kanda kwenye kopo la mende, akalifunga, na tangu siku hiyo alipimia redio zake taarifa ya hali ya hewa. Wateja walipomuuliza, "Sasa fundi, tusikilize nini?" aliwaambia, "Hiyo hiyo. Huyu angalau anakosea kwa sauti yake mwenyewe." Kwa miaka kumi hakupendekeza kitu chochote kwa mtu yeyote, wala daktari, wala sabuni.

Kikohozi kilichoanza na moshi wa risasi hakikuondoka. Machi mwaka huu daktari alimwambia mapafu yamekakamaa, hayawezi kulainika tena. Tarehe 11 Agosti 2019 alilazwa wodi namba nne, kitanda cha karibu na dirisha. Lazima tuseme ukweli: alikuwa mgonjwa mgumu. Alikinai mito, alikinai vijiko, na zaidi ya vyote aliikinai televisheni iliyotundikwa ukutani, iliyokuwa ikionyesha waimbaji wa dini tangu asubuhi mpaka jioni, wakirukaruka mbele ya magari. Alimsihi muuguzi aizime. "Baba, wagonjwa wanafarijika," muuguzi akasema. "Wako wapi waliofarijika?" akauliza marehemu. "Mimi naona waliozimia."

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 23 Agosti umeme ulikatika. Televisheni ikafa. Mama na binti walikuwepo. Mfanya usafi wa wodi, mama wa makamo mwenye ndoo ya bluu, alikuwa anapiga deki kati ya vitanda, na katika ukimya ule ikasikika kwamba kumbe siku zote alikuwa akiimba chini kwa chini. Ulikuwa ni wimbo ule. Marehemu alikunja uso, akageukia dirishani. Kisha binti akamwona ametulia, kama alivyokuwa akitulia juu ya redio. Mfanya usafi alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila mstari, na kwa kuwa alikuwa ameinamia ufagio wa deki, pumzi ilisikika.

Alipofika kwenye mkono mtupu marehemu alishika chuma cha kitanda, akisubiri kuruka. Mfanya usafi hakuruka. Alipitia pale pale, taratibu, kwa sekunde tisa, akiwa anakamua tambara, akaendelea mbele.

"Mama," marehemu akaita. "Rudia."

"Nimekusumbua, baba? Samahani sana."

"Rudia pale kwenye mkono mtupu."

Akarudia, kwa aibu kidogo. Marehemu akamuuliza amejifunzia wapi. "Kwetu, baba. Mimi si mzaliwa wa hapa. Marehemu mama yangu alikuwa na kanda yake, akaisikiliza mpaka ikaisha maandishi." Akaegemeza ufagio. "Nyinyi wa huku mnauimba vibaya, mnisamehe. Mnaruka, halafu mnakohoa wote. Mwaka wa kwanza nilidhani mji una mafua."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja na barakoa ya oksijeni. Alipopata nafuu, binti akamnong'oneza, "Ni mstari mzuri, baba?" Akaiondoa barakoa. "Wa kawaida kabisa. Mimi nilitunga mizuri zaidi, mara thelathini na nne." Akapumzika. "Lakini ndio wenyewe." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, yeye ambaye hakuvumilia hata jasho la mtu.

Siku kumi zilizobaki, mfanya usafi alipiga deki chini ya kitanda kile mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Kila mgeni aliyekuja kumtazama, marehemu alimwonyesha kwa kidole. "Yule. Yule ndiye wa kusikilizwa. Mwambie na mwenzako." Tulihesabu watu kumi na sita walioambiwa hivyo, akiwemo daktari. Na juu ya yule mwingine alimwagiza binti hivi: "Simchukii. Alikuwa na shida, akaimba vizuri, shida ikaisha. Lakini midomo ile siitaki juu yangu." Hayo ndiyo maelezo ya wino mwekundu, na kamati inaombwa radhi.

Fundi Sikiliza alifariki dunia Jumanne tarehe 3 Septemba 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini. Mama alikuwa amemshika mkono. Mama anasema aligeuza sikio kidogo, upande wa mlango, kulikokuwa na sauti ya ndoo.

Ameacha mjane, mshonaji wake, watoto watatu, yaani mwalimu, fundi bomba na dereva wa lori, wajukuu watano, dada yake mmoja, na redio kumi na tisa ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Zote zimepona. Njooni mzichukue, mkijua kwamba kigoda bado kipo na mama yetu ndiye atakayekilinda.

Mfanya usafi wa wodi namba nne yuko hapa, kando ya mjane wa mwokaji mikate. Sare yake ameiweka mkobani, kwa kuwa zamu yake inaanza saa nane. Ndiye atakayeimba, na kipaza sauti kitazimwa. Tutaimba naye, kwa kuwa wote tunaujua. Lakini tukifika kwenye mkono mtupu, midomo yenu itataka kuruka na vifua vitataka kukohoa. Jizuieni. Aliyekuwa akikohoa pale amemaliza. Zile sekunde tisa mwachieni mama huyu peke yake; mstari wenyewe hatukuuchapa kwenye ratiba, kwa makusudi, na hatutautaja hapa.

Apumzike kwa amani, fundi wetu, na apate pumzi. Nanyi, kama alivyomwambia kila mmoja wetu kwenye kigoda kile: sikilizeni kwanza.